Mashini ya boti inakata ikishapata moto: ni CDI (kisanduku cha umeme wa cheche) au ni kitu chengine?

Swali la ndugu yetu mmoja wa Mtongwe, Mombasa, nimelifupisha kidogo: "Assalam aleikum fundi. Nina boti ya faiba ya kuvulia, mashini ni ya hospawa 40, two-stroke, ya stata ya ufunguo na kamba pia iko. Asubuhi inashika bila shida, lakini tukienda kama dakika 20 au 25 inakata ghafla, kama mtu kazima ufunguo. Nikingoja robo saa inashika tena. Siku zengine nikizungusha ufunguo inalia tik tik tu haizunguki. Fundi akanambia CDI, nkanunua, bado. Akanambia betri, nkanunua mpya, bado. Juzi imenizimikia katikati ya mlango wa Kilindini na meli inaingia. Nianzie wapi?"

Waalaikum salaam ndugu yangu, na pole sana. Kabla ya mambo ya waya nikwambie hili kwanza, mpaka mashini iwe sawa usikate ule mlango bila nanga yenye kamba ndefu, kasia mbili na majaketi ya kuogelea ya watu wote walio ndani. Meli ya kontena ikiwa inaingia pale Ras Serani haiwezi kusimama kwa ajili yako wala haiwezi kukukwepa, mlango ni mwembamba na yenyewe yafuata njia yake. Kama waweza kaa upande wa ndani kwa sasa, vua karibu karibu, mpaka tuimalize hii kazi.

Sasa tuje kwenye mashini. Kitu ambacho nataka ukielewe kabla hujashika spana ni kwamba mashini yako ina umeme wa aina mbili na hizo mbili hazitegemeani. Umeme wa kwanza ni wa sumaku. Lile gurudumu la juu, flaiwili, lina sumaku ndani, likizunguka linapita juu ya koili zilizo chini yake, koili ya chaji inatoa umeme unaenda kwenye CDI, CDI inauweka akiba, halafu koili nyengine ndogo tunayoita pulsa inaiambia CDI "sasa hivi achilia", na ule umeme unaruka kwenda koili ya plagi ambayo inaupandisha mpaka maelfu ya volti, plagi inapiga cheche. Hapo kote umeona betri? Hakuna. Mashini ya two-stroke ya CDI kama yako ukiitoa betri ukaiweka nyumbani na ukavuta kamba, itashika na itakwenda. Umeme wa pili ndo wa betri, na huo kazi yake ni kuzungusha stata, kuwasha taa, na kupokea chaji kutoka koili nyengine kupitia rektifaya, ile inayougeuza umeme wa koili uweze kuchaji betri.

Kwa hivyo yule aliyekwambia betri ndo inafanya mashini ikate baharini, hapo alikosea. Betri inahusika na tik tik, haihusiki na kukata. Wewe una shida mbili, umezichanganya ukafanya moja, na pesa imekwenda kwa vitu ambavyo hukuwa na uhakika navyo. (Kwa wenye four-stroke za EFI, zile zinazopuliza mafuta kwa kompyuta, hii habari si yenu, zile nyingi zake pampu ya mafuta na kompyuta zinataka volti za betri, betri ikishuka mashini inasumbua kweli.)

Lakini kuna mahali pamoja ambapo umeme hizo mbili zinakaribiana sana, na nataka uliweke hili akilini manake tutalirudia. Ni swichi ya ufunguo. Ndani ya ile swichi kuna waya wa betri, na pembeni yake kuna waya wa kuzimia mashini ambao unatoka kwenye CDI. Watu wengi hawajui kwamba mashini hizi unapozima hukati umeme, la, unaunganisha. Ule waya wa kuzimia unagusishwa erthi, umeme wa koili unamwagika kwenye chuma, CDI haipati kitu, mashini inakufa. Kamba nyekundu ya usalama unayofunga mkononi pia hivyo hivyo, ukiichomoa ile klipu yake, swichi yake inaunganisha waya wa kuzimia na erthi. Sasa fikiria swichi hiyo imerushiwa maji ya chumvi miaka 4 au 5, ndani imejaa uchafu wa kijani, chumvi inapitisha umeme. Mashini itajizima yenyewe na ufunguo uko kwenye ON.

Haya, tuanze. Kwanza hakikisha ni umeme kweli na si mafuta. Umesema inakata ghafla kama kuzimwa, hiyo ni dalili ya umeme, mafuta yakikosa kwa kawaida mashini inalegea kwanza, inakohoa, inashuka, inapanda, halafu ndo inakufa. Lakini usiamini sikio peke yake, siku ikikata angalia mara moja kile kipira cha kubana cha kwenye mpira wa mafuta. Kama kimenywea kama kimefyonzwa, au ukikibana hakina uzito, basi tundu la hewa la tangi limeziba au umesahau kulifungua, na hiyo pia inaua mashini baada ya dakika 20 na "inapona" ukingoja kidogo kwa sababu hewa inaingia pole pole. Nimeona watu wamefungua mashini mpaka flaiwili na shida ilikuwa kifuniko cha tangi. Angalia pia yale maji yanayochuruzika nyuma, kama yametoka membamba au yana moto sana, mashini haipoi, na joto likizidi hizo koili zitakuwa za kwanza kulalamika, kwa hivyo utakuwa unatafuta umeme na mchawi ni impela, ile pampu ya maji ya kupoza.

Kama hayo yako sawa, sasa kuna kazi moja muhimu kuliko zote na ndo hiyo mafundi hawaifanyi kwa sababu mashini ikiletwa kwa fundi ishapoa. Unatakiwa uikamate ikiwa imekufa. Shida inayokuja na moto haionekani kwenye baridi, utapima kila kitu na kila kitu kitakwambia kizima. Kwa hivyo funga boti vizuri kwenye gati au mti wa mkoko wenye nguvu, kamba mbili, maji ya kutosha chini ya rafadha, tia gea iende kwa mzigo kiasi mpaka ikate. Uwe na mtu wa pili. Usiiwashe nje ya maji hata kidogo, impela yaungua kwa sekunde chache ikikauka.

Ikikata tu, usingoje. Tumia testa ya cheche, ile yenye pengo la kurekebisha, funga erthi yake kwenye chuma cha mashini, weka pengo kama milimita 8, zungusha. Cheche nzuri ni ya buluu, inalia tak tak na inaruka pengo lile bila kusitasita. Nyekundu nyembamba au ya njano ni dhaifu. Hakuna testa? Toa plagi, irudishe kwenye waya wake, igusishe vizuri kwenye chuma, lakini mbali na matundu ya plagi manake mvuke wa petroli unatoka pale na cheche moja tu yatosha kukuunguza uso. Na usije ukazungusha mashini waya za plagi zikiwa zinaning'inia hewani, ule umeme wa maelfu ya volti ukikosa pa kwenda unarudi kutoboa koili au CDI, na hapo ndo CDI nyingi zinakufa, zinauliwa na mtu aliyekuwa anazipima.

Sasa angalia silinda zote mbili. Kama cheche imepotea upande mmoja tu, mashini isingekata kabisa ghafla, ingebaki ikitetemeka na kukosa nguvu, na hapo utatafuta vitu vya upande ule peke yake, plagi, kofia ya plagi, waya wake. Lakini kwa vile unavyoeleza, mimi nategemea utakuta zote mbili hazina kitu. Zikifa zote kwa pamoja basi mkosaji ni kile kinachotumiwa na zote: waya wa kuzimia, koili ya chaji au pulsa, erthi, au CDI yenyewe. Na CDI umeshabadilisha.

Mimi ningeanza na waya wa kuzimia, si kwa sababu ni rahisi tu, ni kwa sababu kwa hizi boti zetu za maji ya chumvi nshaona umetesa watu wengi mno. Kama ni Yamaha huo waya ni mweupe na erthi ni mweusi, mashini zengine rangi ni tofauti, fuata kitabu chake. Mashini ikiwa bado imekufa na ina moto, chomoa ule waya wa kuzimia pale unapoingia CDI, ufunge tepu usiguse chochote, vuta kamba. Cheche zimerudi? Umemaliza, CDI yako haina kosa, shida iko kwenye swichi ya ufunguo, swichi ya klipu nyekundu, au ule mkanda wa waya unaotoka mbele kwenda mashini. Ukiiwasha hivo kumbuka ufunguo hauwezi kuizima tena na klipu pia haifanyi kazi, utaizima kwa kuvuta choki au kuchomoa mpira wa mafuta, kwa hivyo jaribu ukiwa umefunga gatini, usiende nayo baharini hivyo hata kama inakwenda vizuri. Ukianguka majini na klipu haifanyi kazi ile boti itakuzunguka na rafadha inazunguka.

Kujua ni swichi gani, chukua mita weka kwenye om, kile kipimo cha ukinzani wa waya. Chomoa waya, pima kati ya waya wa kuzimia upande wa swichi na erthi. Ufunguo ON na klipu imevaliwa, mita isisome kitu kabisa. Ukichomoa klipu, isome karibu na sifuri. Sasa ikiwa ON na mita inasoma namba yoyote, hata kilo-om kadhaa, usiseme "haina neno", hiyo ni chumvi inapitisha. Halafu tikisa ule mkanda wa waya kila mahali unapopinda, hasa pale unapoingia kwenye mashini na kuzunguka kila ukigeuza, ganda la waya huchubuka pale, na mashini ikipata moto ganda linalainika linagusa chuma. Hiyo ndo "inakata ikishapata moto" ambayo kila mtu anasema ni CDI.

Na hapa narudi kwa ile swichi, manake hili limeniuma sana kuona watu wanapoteza pesa. Kwa vile ndani ya swichi kuna waya wa betri na waya wa kuzimia karibu karibu, ule uchafu ukiungana waweza kupeleka volti 12 za betri kwenye waya wa kuzimia, na CDI haikuumbwa kupokea hizo volti kwa mlango ule, inakufa. Mtu ananunua mpya, anaifunga, siku 2 imekufa, anasema kauziwa feki. Feki zipo, siwezi kukataa, lakini kabla hujafunga CDI yoyote mpya pima hivi: waya wa kuzimia umechomolewa, mita iko kwenye volti za DC, waya mmoja kwenye waya wa kuzimia upande wa swichi, mwengine erthi, ufunguo ON, halafu zungusha stata. Isome 0. Ikionyesha hata volti chache, usifunge kitu, tupa ile swichi.

Kama umechomoa waya wa kuzimia na bado hakuna cheche, tunashuka kwa koili. Koili ni waya mwembamba wa shaba kama unywele, umezungushwa mara nyingi sana, ukipasuka ndani unaweza kuwa unagusana ukiwa baridi na ukipata moto unatanuka unaachana, ukipoa unarudi. Huna haja ya kutoa flaiwili kwa kipimo cha kwanza, fuata waya zinazotoka chini yake, chomoa soketi, pima om ya koili ya chaji na ya pulsa ikiwa baridi, linganisha na kitabu cha mashini yako, iandike. Halafu pima tena mashini ikiwa imekufa na moto. Usishtuke ikipanda kidogo, shaba kwa tabia yake inapanda karibu asilimia 4 kwa kila digrii 10 za joto, kwa hivyo koili iliyokuwa om 200 asubuhi ikasoma 230 ikiwa na moto ni nzima kabisa. Ile mbovu yenyewe inaruka, mara inasoma mara mita inaonyesha OL, hakuna njia. Ukishindwa kuikamata baharini omba drayer ya nywele nyumbani, ipashe moto ile koili pole pole na mita iko imeunganishwa, utaiona ikikatika mbele ya macho yako. Ikibidi kutoa flaiwili, tumia pula yake, kile chombo cha kuivuta itoke. Nyundo hapana, nyundo inalegeza sumaku na kuumiza shafti.

Erthi sitaichelewesha sana. Kuna waya mweusi wa CDI unaofungwa kwenye chuma kwa bolti, na sahani ya koili nayo ina wake. Fungua kila mmoja, safisha mpaka uone chuma inang'aa, kaza tena. Dakika 10 za kazi na mara nyengine ndo mwisho wa safari.

Sasa hiyo tik tik. Hapo tuko kwenye betri, na wewe una betri mpya, lakini mpya haimaanishi imejaa. Ipime asubuhi ikiwa imelala usiku bila kazi: 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 usiitegemee. Halafu weka mita pale pale kwenye vichwa vya betri, mwambie mwenzako azungushe ufunguo. Ikiporomoka chini ya 9.6 betri ni dhaifu au haijajaa. Ikibaki 12 na mashini inalia tik tik, umeme uko ila haufiki, na hapa ndo kipimo ninachokipenda zaidi: waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha chanya cha betri, mwengine kwenye bolti ya stata, zungusha ufunguo. Mita inakuonyesha volti zilizopotea njiani. Zaidi ya nusu volti, kebo au rilei (ile swichi ya umeme inayopeleka moto kwa stata) imeoza. Ikiwa karibu volti zote 12 zinaonekana pale, rilei inalia lakini haipitishi. Fanya vile vile upande wa hasi, kichwa cha betri mpaka chuma cha mashini, na huu upande wa hasi ndo watu wanausahau na ndo unaooza zaidi manake uko chini kule maji yanakotuama. Zile nati za masikio za kukaza kwa vidole zitoe, weka nati ya spana, mawimbi ya kusi yanazilegeza kila safari.

Tena stata ikizunguka kivivu, cheche nayo inakuwa dhaifu, kwa sababu sumaku inataka kasi ndo itoe umeme. Kwa hivyo ukiona kwa kamba inashika na kwa ufunguo haishiki, usiende kwa CDI, rudi kwa kebo.

Mashini ikiwa inakwenda, pandisha kasi kidogo upime betri tena. Ipande ifike 13.5 mpaka 14.5 hivi. Ikibaki ile ile ya kuzimwa hakuna chaji, angalia rektifaya na fyuzi. Na hili naliona sana huku kwetu, mtu ameazima betri ya boti ya jirani, kawasha, halafu anachomoa betri mashini inakwenda ili amrudishie mwenyewe. Usifanye hivyo ndugu yangu, volti zinaruka juu ghafla rektifaya inaungua. Kugeuza chanya na hasi hata mara moja pia inaiua papo hapo. Kama huna betri vuta kamba.

Viungo vyote utakavyofungua, ukikuta ile kutu ya kijani, nunua ndimu Marikiti au tumia siki, sugua kwa mswaki, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha vizuri, halafu paka grisi ya silikoni kidogo. Lakini vua ganda la waya sentimita 2 uangalie ndani, ikiwa shaba imekuwa nyeusi, kata. Chumvi inapanda ndani ya ganda kama mafuta yanavyopanda utambi wa taa, na ule waya mweusi hausafiki, endelea kukata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Ungia kwa waya wa boti uliopakwa bati, ubane kwa koleo lake, juu yake mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Waya wa nyumba na tepu nyeusi kwenye maji ya chumvi ni kujitafutia kazi ya mwezi ujao, tepu inashika maji ndani haiyatoi.

Kwa hivyo kesho funga boti, iache ikate, chomoa waya wa kuzimia, angalia cheche, niandikie umeona nini pamoja na namba za mita, baridi na moto, upande wa chanya na wa hasi. Na ile CDI yako ya kwanza kama hujaitupa, usiitupe. Tukishamaliza na swichi irudishe, uijaribu. Nafikiri utaikuta nzima, na hiyo mpya utaifunga kwenye mfuko wa plastiki uiweke ndani ya boti iwe speya.